Joho la Meya Ambaye Hajachaguliwa

Protase Kahangwa alikuwa ametimiza miaka hamsini na sita, thelathini na minane kati ya hiyo akiwa kwenye cherehani, siku alipoombwa kushona nguo ya mtu ambaye hakuna aliyejua ni nani.

Kabla ya hapo hakuwahi kuogopa kitambaa. Alizaliwa Buganguzi, wilayani Muleba, kwenye kibanja cha migomba na mibuni ambacho baba yake aliwagawia watoto saba, na yeye, wa tano, akaona mapema kwamba kipande chake hakitamtosha hata kwa ndizi za kula. Shangazi yake, aliyekuwa akiishonea parokia, alimchukua akamketisha nyuma ya cherehani ya miguu. Mwaka mzima hakumruhusu kukata kitu chochote isipokuwa magazeti.

"Gazeti likikuharibikia hakuna atakayelia," alikuwa akimwambia. "Kasula ya padri ikikuharibikia, italia parokia nzima."

Alipokabidhiwa kitambaa cha kweli, mkono wake ulikuwa umeshatulia. Akashona alba, akashona kasula za kijani na za zambarau, akaoa, na mwaka mmoja baada ya ndoa wakahamia Bukoba mjini yeye na mkewe Alistidia, wakafungua banda la ushonaji Buhembe, kando ya barabara. Wakatoliki walimletea mavazi ya ibada. Walutheri walimletea majoho ya kwaya, nao walipenda mikono mipana inayopepea wakati wa pambio. Mwenyewe alizoea kutania kwamba ndiye mtu pekee wa Buhembe anayewajua Wakristo wote kwa upana wa mabega yao. Cherehani ilikuwa ya Protase, lakini kazi ya mkono, yaani mapindo, vifungo na mishono ya siri, ilikuwa ya Alistidia. Ungeweza kuligeuza pindo lake juu chini usione uzi umepita wapi.

Mwaka ule wa uchaguzi mkuu, Protase alisikia kwamba Halmashauri ya Manispaa inatafuta mtu wa kushona majoho ya madiwani. Akapeleka joho moja la mfano, akarudi kwenye kazi zake, asitegemee lolote. Vitu vikubwa vya ofisi, alijua, huagizwa kutoka mbali.

Novemba ikaja na mvua, na mvua ikaleta senene. Alistidia alikuwa ameketi mlangoni na ungo mapajani, akinyonyoa mbawa, wakati msichana mmoja aliyevaa hijabu ya kahawia alipofunga mwavuli wake na kuingia.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Naitwa Hafidha, natoka Manispaa. Ninashughulikia vikao vya baraza."

"Marahaba mwanangu, karibu ukae," alisema Protase. "Mama Lilian, hebu mpe mgeni akamwani."

Alistidia akamletea kahawa za kutafuna kwenye kijikapu. Hafidha akachukua mbili, akazishika mkononi kwa heshima, kisha akasema kilichomleta: joho la mfano lilikuwa limependwa, kazi ni ya Protase, na alikuwa na wiki tatu.

Protase aliinuka, akaketi tena. Alistidia akaacha kunyonyoa.

"Mangapi?" akauliza Protase.

"Ishirini."

"Madiwani wako ishirini?"

"Kumi na tisa. Kata zetu ni kumi na nne, kila kata imechagua diwani wake mmoja. Halafu kuna wanawake wa viti maalumu, watano. Kumi na tisa."

"Basi la ishirini ni la Meya."

"La Meya, ndiyo."

"Kwa hiyo watu ni ishirini."

"Hapana, mzee. Watu ni kumi na tisa. Meya ni mmoja wao. Atavua la udiwani avae la umeya. Lile ni jekundu, lina utepe wa dhahabu kifuani."

Protase akachukua daftari lake la vipimo, akalamba ncha ya penseli. "Sawa. Wengine watakuja kwa zamu. Huyo Meya mlete kwanza nimpime, maana joho lake ndilo gumu."

"Hayupo."

"Amesafiri?"

"Hajachaguliwa."

Protase akamtazama. Yeye mwenyewe alikuwa amepiga kura mwezi uliopita, amesimama foleni tangu saa moja asubuhi, akapewa karatasi na kuzikunja kwa mikono yake. Akaanza kuzihesabu kwa vidole. Ya rais, moja. Ya mbunge, mbili. Ya diwani, tatu. Akakwama kwenye kidole cha nne. Miaka yote hiyo alikuwa akiamini kwamba kuna mahali alikuwa akimchagua na Meya.

"Hatuna karatasi ya Meya," alisema polepole, kama mtu aliyegundua kifungo kimepungua kwenye shati lake mwenyewe.

"Hamna," akasema Hafidha. "Ninyi mnawachagua madiwani, na madiwani ndio wanaomchagua Meya miongoni mwao. Siku ya kikao cha kwanza wanaapishwa, halafu wanapiga kura ya siri. Kikao kinaongozwa na Katibu Tawala wa Wilaya mpaka Meya apatikane. Akishatangazwa anavikwa joho palepale, anakaa kwenye kiti, anaendesha kikao."

"Palepale?"

"Palepale."

"Na Mkurugenzi je? Huyo si ndiye mkubwa? Si angetuambia tu anamtaka nani?"

Hafidha akacheka, kisha akajizuia, maana alikuwa ofisa. "Mkurugenzi ameteuliwa na Rais, hakuchaguliwa. Kwenye baraza yeye ni katibu. Madiwani wanaamua, yeye na wataalamu wanatekeleza. Kura hana. Hata angekuwa anajua, asingeweza kukwambia, na wala hajui."

Protase akaweka penseli chini. "Wahenga walisema usikate kanzu na mwana hajazaliwa. Sasa mimi ndiye ninayeambiwa nikate."

"Ndiyo maana nimekuja mapema, mzee," akasema Hafidha, na sasa ndipo akatia kahawa mdomoni.

*

Madiwani walianza kuja siku ya pili. Wengine walikuja na magari, wengine kwa bodaboda, mmoja alikuja kwa miguu kutoka sokoni alikouza samaki, akiwa bado na aproni. Protase aliwapima mmoja mmoja, Alistidia akiandika. Mabega, kifua, urefu wa mkono, kimo kutoka shingoni hadi kifundo cha mguu. Akajifunza kwamba mtu akipimwa joho husimama tofauti na anavyosimama akipimwa suruali. Anavuta pumzi, ananyoosha shingo, anatazama mbele kama yuko mbele ya watu elfu.

Bwana Lwakatare alikuja siku ya tatu. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa futi sita na inchi tatu, mwenye mabega yaliyojaa mlango wa banda. Chama chake kilikuwa na wajumbe kumi na mmoja katika ishirini wenye kura, ukimhesabu mbunge wa jimbo, ambaye naye ni mjumbe wa baraza. Mji mzima ulikuwa umeshamwita Meya.

"Fundi," alisema kwa sauti ya kirafiki akiwa ameinua mikono, "vipimo hivi utavitumia mara mbili, nadhani."

"Nitavitumia mara moja, mheshimiwa," akajibu Protase huku pini zikiwa mdomoni. "Hiyo ya pili sijaambiwa."

Lwakatare akacheka kicheko kikubwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu amezoea kuambiwa ndiyo.

Edvina Kyaruzi alikuja jioni ileile, mvua ikiwa imekatika. Huyu alikuwa diwani wa Buhembe, kata ya Protase mwenyewe, na chama chake ndicho kilichokuwa na wajumbe tisa waliobaki. Kwa miaka mingi alikuwa mtaalamu wa kilimo, akifanya kazi za kituo cha utafiti kule Maruku, akizunguka kwenye vibanja vya watu na miche ya migomba isiyougua mnyauko. Watu walimwita Bibi Shamba hata baada ya kustaafu. Alikuwa mfupi kiasi kwamba futi ya Protase ilibaki ikining'inia. Alipanda juu ya kigoda bila kuambiwa, akapimwa, akamuuliza Alistidia kama migomba ya nyuma ya nyumba imeacha kugeuka njano, akaenda kuitazama mwenyewe, akaondoka na matope kwenye viatu. Juu ya umeya hakusema neno.

Kinyozi Nathanieli, ambaye banda lake liliegemeana na la Protase, aliona yote hayo kwenye kioo chake.

"Protase, unajitesa bure," alimwambia. "Shona la Lwakatare, maliza kazi. Kumi na mmoja kwa tisa, hata mimi niliyeishia darasa la saba najua nani atashinda."

"Kura haijapigwa."

"Itapigwa! Na ikishapigwa, yule mkubwa akasimama mbele ya watu joho limemfikia magotini, nani ataaibika? Siyo yeye. Ni wewe, wewe ambaye jina lako liko kwenye lebo."

Maneno yale yalimwingia Protase. Lebo hiyo Alistidia alikuwa ameshaitarizi: jina la Protase Kahangwa, na chini yake, Buhembe. Akamwendea Hafidha ofisini, akamwomba ruhusa ya kushona majoho mawili ya Meya, moja refu na moja fupi, kwa gharama yake mwenyewe. Hafidha alikwenda kuuliza, akarudi akitikisa kichwa.

"Wakubwa wanasema hapana. Wamesema yakionekana mawili, watu watasema tulikuwa na majina mawili mfukoni. Joho la Meya ni moja, mzee."

Protase akarudi nyumbani akiwa mzito. Siku nne alishona yale kumi na tisa, na kitambaa chekundu kikabaki kimekunjwa mezani, hakijaguswa na mkasi.

Jumapili wakaenda misani. Siku hiyo padri wao alikuwa mgonjwa, na mgeni aliyetoka ng'ambo ya jimbo alikuja kuadhimisha badala yake. Padri wao alikuwa mfupi na mnene. Mgeni alikuwa mrefu na mwembamba kama mgomba uliokosa jua. Alipotokea sakristia, alikuwa amevaa kasula ya kijani ambayo Protase aliishonea parokia miaka sita nyuma, akimpima yule mfupi. Nayo ilimkaa. Haikumkaa kama kanzu ya kupimwa, ila ilitoka mabegani ikamwagika kwa heshima, na hakuna mtu kanisani aliyewaza kwamba si yake.

Protase hakusikia injili ya siku ile. Alistidia alimgusa kiwiko mara mbili wakati wa kusimama.

"Mama Lilian," alimnong'oneza, "mimi ni mjinga. Nimekuwa nikiijua kazi hii tangu nina miaka kumi na minane."

"Nyamaza, tuko misani," akasema Alistidia. Lakini alikuwa ameshaona alichokuwa akikitazama mumewe.

Kesho yake asubuhi Protase akakata. Hakulishikiza bega kwa mshono. Alilikata likawa kipande kimoja na mkono, kama kasula, ili libebwe na bega lolote litakalojaaliwa. Ndani ya shingo akapitisha utepe wa siri, unaovutwa au kulegezwa. Urefu akaupima kwa Lwakatare, kwa maana kitambaa kirefu hupunguzwa lakini kifupi hakiongezeki. Upindo wa chini ulikuwa wa Alistidia. Aliukunja ndani kidogo tu, akaushikiza kwa mshono wa mpito, ule mrefu unaofumuliwa kwa kuvuta uzi mmoja, na kila alipomaliza aliufumua akaushona tena, huku Protase akimhesabia kwa saa ya mkononi. Mara ya kwanza dakika kumi na tisa. Mara ya sita, nane.

*

Siku ya kikao mvua ilinyesha asubuhi, kisha jua likatoka. Protase alivaa suti yake ya harusi za watu, Alistidia akavaa gomesi la bluu, na mkobani mwao walikuwa na sindano, pini, mkasi mdogo na uzi mwekundu. Hafidha aliwaonyesha nafasi zao kwenye viti vya wananchi, nyuma ya ukumbi. Protase hakujua kwamba kikao cha baraza ni cha wazi, na kwamba mwananchi yeyote anaweza kuingia, akaketi, akasikiliza, mradi asiseme. Amekaa mjini miaka thelathini, mara ngapi amepita mbele ya jengo lile akidhani kuna mlinzi wa kumfukuza!

Madiwani wakaingia kwa mstari. Majoho kumi na tisa, mapya, yakipishana katikati ya viti. Protase alitazama mishono, si nyuso. Hakuna bega lililovuta, hakuna mkono uliopanda. Yule diwani wa sokoni, ambaye siku ya kupimwa alikuwa na aproni, alipita akiwa amenyoosha shingo kama malkia, akamkonyeza.

Hakimu akawaapisha mmoja mmoja. Wakuu wa idara, wahandisi, waganga na maofisa elimu, walikuwa wameketi upande wao, wenye elimu zao zote, na wote hawakuwa na kura hata moja. Protase aliona jambo hilo la ajabu: muuza samaki alikuwa na kura, mhandisi hana. Kwa nini? Akakumbuka foleni ya saa moja asubuhi, akaelewa. Yule wa samaki alikuwa ametumwa na watu.

Katibu Tawala alieleza utaratibu. Jina la Lwakatare likatajwa, jina la Edvina Kyaruzi likatajwa, kila mmoja akaomba kura kwa dakika chache. Lwakatare alizungumza vizuri, kama mwalimu aliyezoea ukumbi. Edvina alizungumza kwa ufupi.

"Waheshimiwa," alisema, "Meya hana fimbo ya kumchapa mtu. Sheria ndogo tunatunga sisi wote, na bado inakwenda kwa waziri kuidhinishwa. Bajeti tunaipitisha sisi wote. Mimi nitakachofanya ni kuhakikisha kila kata inasikilizwa kabla ya kura kupigwa, hata ile ya mwisho kabisa kwenye orodha. Shamba halipaliliwi upande mmoja."

Sanduku likainuliwa, likageuzwa kwa wote ili waone ni tupu. Wajumbe ishirini wakapita. Karatasi zikamwagwa mezani, zikaanza kusomwa kwa sauti.

Lwakatare. Lwakatare. Kyaruzi. Lwakatare. Kyaruzi. Protase alikuwa ameshika goti la mkewe. Tano kwa tano. Nane kwa nane. Kisha Kyaruzi, na Kyaruzi tena. Karatasi ya mwisho ilipofunguliwa, hesabu ikawa tisa za Lwakatare, kumi na moja za Edvina Kyaruzi. Wawili walikuwa wamevuka mstari wa chama chao, na kwa kuwa kura ni ya siri, hakuna aliyejua ni akina nani, na mpaka leo hajulikani.

Muuza samaki ndiye aliyeanza vigelegele. Protase akajikuta amesimama na kupiga makofi juu ya kichwa, akipaza sauti kwa Kihaya, "Waitu! Waitu!" yaani wetu, mpaka mhudumu akaja kumwambia, "Mzee, kaa. Wananchi hawashangilii."

Lwakatare akanyanyuka kwa kimo chake chote, akapita katikati ya ukumbi, akainama sana ili kumpa Edvina mkono.

"Nimewafundisha watoto miaka thelathini na mitano kukubali matokeo," alisema, na kila mtu alimsikia. "Leo ni zamu ya mwalimu. Hongera sana, Mheshimiwa Meya."

Makofi aliyopigiwa hayakupungua yale ya mshindi.

Hafidha alikuwa ameshafika. "Mzee, mama, twendeni."

Katika chumba cha pembeni Edvina alisimama juu ya kiti cha ofisi, akiwa ameshavua joho la udiwani. Protase akamvika lile jekundu. Kitambaa kilimfunika miguu na kumwagika kitini, na kwa nukta moja alionekana kama mtoto aliyejifunika blanketi la wazazi. Protase akavuta utepe wa shingoni, bega likapanda likakaa mahali pake. Akabana pini saba kuzunguka chini. Alistidia alikuwa ameshapiga magoti, sindano ikienda.

"Fundi," aliuliza Edvina kutoka juu, maana sasa ndipo jambo lenyewe lilipokuwa likimfikia, "ulijuaje? Ulinishonea lini?"

"Sikukushonea wewe, waitu," akajibu Protase. "Nilimshonea Meya."

Edvina alimwangalia Alistidia akivuta uzi. "Na akija mwingine baada ya miaka mitano?"

"Anashusha pindo."

"Dakika saba," akasema Alistidia, akakata uzi kwa meno, ingawa mkasi ulikuwa karibu.

Aliporudi ukumbini, Meya alitembea kwa ile hatua yake ya haraka, na joho likamfuata bila kumkwaza. Watu wakasimama. Akaketi kwenye kiti kirefu, miguu ikigusa sakafu kwa shida, akapiga kirungu cha mbao mezani, akamwita katibu asome agenda inayofuata. Wakachagua Naibu Meya, ambaye kura yake hurudiwa kila mwaka. Wakaunda kamati za kudumu. Lwakatare akapewa na wenzake uenyekiti wa kamati ya mipango miji na mazingira. Protase na Alistidia walibaki mpaka mwisho, hawakutaka hata kwenda kula.

*

Wiki iliyofuata walipanda gari kwenda Buganguzi. Mama yake Protase, Kokubanza, alikuwa na miaka themanini na minne na masikio makali bado. Kaka yake mkubwa, Datius, alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Ndizi zilipopakuliwa, Protase akatoa picha kwenye simu, ikazunguka mkono kwa mkono.

"Huyu Meya wenu," alisema Datius, ambaye hakutaka kijiji kidharaulike, "ni mkubwa kuliko mwenyekiti wa halmashauri yetu ya Muleba?"

"Ni kazi moja, kaka. Ninyi ni halmashauri ya wilaya, mna mwenyekiti. Sisi ni manispaa, tuna meya. Sisi tuna mitaa, ninyi mna vijiji na vitongoji. Wote wanachaguliwa na madiwani wenzao. Na wote wawili hawawezi kuamua lolote bila baraza."

Datius alimgeukia mdogo wake. Alikuwa mwenyekiti kwa miaka sita, na alikuwa hajawahi kumsikia Protase akizungumza jambo lolote lisilo nguo. "Nani kakufundisha?"

"Nimeketi, nikasikiliza. Kikao ni cha wazi. Nenda na wewe, Muleba si mbali."

Mama aliomba simu irudishwe kwake. Hakumtazama Meya. Alisogeza picha karibu na macho, akatafuta pembeni, mpaka akampata mwanawe nyuma kabisa, amesimama na mikono juu.

"Huyu ndiye wangu," aliwaambia wajukuu. "Wote hao wa mbele amewavisha yeye." Kisha akamgeukia Alistidia, akamshika kiganja chenye alama za sindano. "Na huyu. Wakola, mwanangu, asante."

Mwezi wa pili baraza lilikaa kupitisha bajeti. Protase alifunga banda asubuhi, akaandika kwa chaki mlangoni: Nipo barazani. Safari hii hakwenda peke yake. Alikwenda na Nathanieli na majirani wanane wa mtaa wao, kwa sababu mfereji wa maji ya mvua ulikuwa ukiingia kwenye nyumba zao, nao walikuwa wameusemea kwenye mkutano wa mtaa, mwenyekiti wao akaupeleka kwenye kamati ya maendeleo ya kata, na kata ikaupeleka juu. Walitaka kuuona ukifika.

Ulifika saa sita mchana. Lwakatare alisimama kama mwenyekiti wa kamati, akaeleza kwamba wajumbe wake walikwenda Buhembe, wakaukanyaga mfereji wenyewe, na mhandisi amethibitisha. Diwani mmoja akauliza kwa nini Buhembe, kata ya Meya, itangulie. Meya akasema swali hilo ni la haki, akamtaka Mkurugenzi asome orodha yote kwa mpangilio wa uharibifu. Ikasomwa. Buhembe ilikuwa ya tatu, nyuma ya kata mbili ambazo hali yake ilikuwa mbaya zaidi, na zote tatu zilikuwa ndani ya bajeti.

"Wanaoafiki?" akauliza Meya.

Mikono ya majoho ikainuka ukumbi mzima, upande huu na upande ule.

Nathanieli alimwegemea Protase sikioni. "Imepita?"

"Imepita. Kazi ni mwaka wa fedha mpya, mwezi wa saba."

"Na wasipofanya?"

"Mwezi wa saba tutakuja tena," alisema Protase, "tuketi hapahapa."

Akajinyoosha kwenye kiti chake, akaendelea kusikiliza agenda inayofuata, ambayo ilikuwa juu ya leseni za mabucha, na haikumhusu hata kidogo.